Mume anasema jiko langu ni hekalu, mimi naona majivu tu

*Shikamoo shangazi,*

*Nakuandikia wewe kwa sababu najua u Myahudi kama mimi, na Wayahudi tunaolalamika kwa Kiswahili hatujazi hata matatu moja. Nilizaliwa chini ya kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, Uganda, katika Abayudaya, Wayahudi wa huko. Kwetu mwanamke mwenye jambo moyoni humwendea ssenga, dada ya baba. Ssenga wangu yuko mbali na simu yake haishikiki, basi nimekuja kwako.*

*Nina miaka 31, nimeolewa, tunaishi Nairobi mwaka wa nane sasa, chumba kimoja na sebule. Tuna watoto wawili, wa miaka mitano na miwili. Naamka saa kumi alfajiri, nazoa majivu ya jana, nawasha jiko la makaa, nakanda unga. Kufikia saa moja niko mlangoni pa ploti nauza chapati na chai. Mume wangu ni fundi umeme, mtu mwema, hanywi wala hanipigi. Kila asubuhi kabla ya kazi hujifunika taliti, ile shuka ya sala, huvaa tefilini, vile visanduku vya ngozi vyenye maandiko, husali pale sebuleni akiyumba polepole, macho kayafumba. Mimi niko upande wa pili wa pazia na nepi mkononi. Sauti yake naisikia vizuri sana. Yangu sijaisikia siku nyingi.*

*Nilipokuwa msichana, Ijumaa usiku tuliimba Zaburi kwa Kiganda, kwa ngoma na gitaa, mpaka mwili unanisisimka. Utakatifu ninaoujua ni huo. Huku kwangu ni masizi, vyombo na mtoto analia. Nilipomweleza mume wangu alinijibu, "Jiko lako ndilo hekalu lako," akarudi kwenye siduri, kitabu chake cha sala. Nilitamani kumrushia mwiko.*

*Ijumaa iliyopita nilijitahidi. Nilitandika kitambaa cheupe nilichopewa na bibi siku ya harusi, nikawasha mishumaa miwili, nikafunika macho. Kabla sijafungua kinywa kusema baraka, mdogo akatapika uji wa maziwa juu ya kitambaa. Nikamnyanyua, nikamfuta, nikalia. Baraka sikuisema. Tulikula juu ya magazeti. Leo Jumatatu kitambaa kimo kwenye beseni na doa halitoki.*

*Je, mishumaa ile ilihesabika? Na ni dhambi nikitamani kurudi kilimani, nikae peke yangu na Zaburi hata mwezi mmoja, nisisikie mtu akiita "mama"?*

*Mama Chapati, Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kutorusha mwiko, ingawa nimesoma mstari ule mara mbili nikicheka.

Nianze na majivu, kwa kuwa umeyapitia haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa limesimama, unajua kazi ya kwanza kila siku ilikuwa nini? Si kuimba, wala si kuchinja. Ilikuwa kuzoa majivu. Imo katika Walawi sura ya 6, na Mishna, mkusanyo wa sheria za wazee wetu, inaieleza kama mtu aliyekuwa pale mlangoni. Kuhani anaingia gizani peke yake. Hana taa mkononi. Anatembea kwa mwanga wa moto wa madhabahu wenyewe. Wenzake hawamwoni wala hawamsikii, mpaka gurudumu la mbao la birika la kunawia lianze kulia, ndipo wanajua saa imefika. Ananawa, anachukua koleo la fedha, anapanda juu, anachota majivu ya ndani yaliyoungua sawasawa, anashuka nayo na kuyaweka kando ya madhabahu, upande wa mashariki.

Na watu waliigombania kazi hiyo! Zamani za mwanzo makuhani walikuwa wakishindana mbio kuupanda mteremko wa madhabahu. Aliyewahi kufika dhiraa nne za mwisho ndiye mzoa majivu wa siku. Siku moja wawili walikwenda bega kwa bega, mmoja akamsukuma mwenzake, mguu ukavunjika. Wazee walipoona jambo limekuwa la hatari wakaweka kura. Sikwambii haya ili kesho saa kumi uone raha mbele ya jiko. Nataka uangalie lile koleo. Lilikuwa koleo moja tu la majivu. Hilo moja lilitengwa, likapewa mahali pake. Majivu mengine yote yalikusanywa yakatolewa nje kama majivu popote pale.

Nadhani hapo ndipo Kiswahili chetu kinakuponza. "Takatifu" imetokana na kutakata, kuwa safi, kung'aa. Mtu anayesali kwa Kiswahili hubeba wazo hilo bila kujua: palipo na masizi, matapishi na nepi hapajatakata, basi Mungu atakuwa amepita mbali. Kiebrania kinasema *kadosh*, na maana yake ya ndani ni kilichotengwa. Ndiyo maana divai ya Ijumaa usiku tunaisemea kidushi, baraka ya kuitenga siku, na ndoa kwa Kiebrania ni *kidushin*, mtu mmoja kutengwa kwa ajili ya mmoja. Hata watu wa pwani nikiwasikia wakisema chakula kimetengwa, nawasikia karibu sana na Kiebrania kuliko wanavyojua: ubwabwa ni ule ule wa sufuriani, ila sasa umepakuliwa kwa ajili ya fulani.

Kwa hiyo mume wako, Mungu amweke, amekosea. Jiko lako si hekalu. Ni jiko. Uyahudi haujawahi kusema kila kitu ni kitakatifu. Jumamosi usiku, juu ya divai, manukato na mshumaa wa tambi nyingi, tunamshukuru Mungu anayetofautisha kitakatifu na cha kawaida, na cha kawaida hakitukanwi pale. Sufuria lina haki ya kuwa sufuria. Anayekwambia kila unachogusa ni ibada anakuongezea mzigo mwingine juu ya ule wa makaa: sasa ukichoka umechoka hekaluni, ukikasirika umemkasirikia Mungu.

Tena mpe mume wako asome Talmudi, mijadala ya wazee wetu juu ya Mishna, kitabu cha Shabati, yaani Sabato, ukurasa wa 119. Walimu wakubwa wa Babeli wamo humo siku ya Ijumaa, na hakuna hata mmoja anayemwambia mkewe habari za hekalu. Rav Safra anababua kichwa cha mnyama. Rava anatia samaki chumvi. Rav Huna anawasha taa, Rav Papa anasokota tambi, Rav Hisda anakatakata majani ya kiazisukari, Rabba na Rav Yosef wanapasua kuni, Rav Nahman bar Yitzhak anabeba mizigo mabegani akiingia na kutoka. Hawa walikuwa na wanafunzi na watumishi. Kama Rav Safra aliweza kusimama motoni na kichwa cha mnyama, nywele zikinuka, fundi umeme wa Nairobi anaweza kubadilisha nepi ya Ijumaa jioni. Na si hiyo tu. Mishna inasema Shema ya asubuhi, ungamo letu la Mungu mmoja, husomwa mpaka saa tatu, kwa kuwa ni desturi ya wana wa wafalme kuamka saa tatu. (Sisi wa Kiswahili hatuhitaji mfasiri hapo, saa za Mishna huhesabiwa tangu mapambazuko kama zetu, na siku yao huanza jua likizama, kama mzee wa Lamu anavyokuhesabia.) Basi mume wako ana nafasi. Awaogeshe watoto kwanza, avae tefilini baadaye. Wewe saa tatu umekwisha kuuza chapati za ploti nzima.

Sasa niseme nawe mwenyewe. Unasema sauti yako huisikii. Sitakupa baraka mia kwa siku, ingawa Talmudi inaitaja hesabu hiyo kwa jina la Rabi Meir. Mia ni ya mtu ambaye hana mtoto wa miaka miwili mgongoni. Nakupa maneno kumi na mawili. *Moda ani*, yale ya kuamkia, unayajua tangu utotoni: nashukuru mbele zako, Mfalme uliye hai na wa kudumu, kwa kunirudishia roho yangu. Umewahi kugundua kwamba Jina la Mungu halimo ndani yake? Limeachwa nje kwa makusudi, ili mtu aweze kuyasema kitandani kabla hajanawa mikono. Hii sala ilitungiwa mikono michafu. Yaseme kwa sauti, kabla ya koleo. Mume akiamka, aamke.

La pili ni donge. Ijumaa unakanda mkate wa Shabati. Tumia pakiti nzima ya unga ya kilo 2, kipimo kinatosha kwa hesabu ya wengi. Kabla hujagawa, kata kipande cha ukubwa wa zeituni, au tuseme cha kunde chache zilizoshikana, sema baraka ya kutenga, kitie motoni kiungue kabisa. Amri imo katika Hesabu sura ya 15, na jina hala, ambalo leo watu huuita mkate wote, mwanzoni lilikuwa jina la kile kidonge tu. Ndilo lile koleo moja tena. (Unga wa chapati za kuuza ni habari nyingine kwa sababu ya mafuta ya kukaangia, wajuzi wanabishana, muulize rabi.) Mkubwa wako wa miaka mitano mpe kazi ya kukitupa motoni. Watoto hupenda kuchoma kitu kwa ruhusa.

Na nepi. Nilifanyiwa upasuaji miaka ya nyuma, nikakaa siku nne na mpira wa mkojo. Siku ulipotolewa nilikwenda chooni kwa miguu yangu, nikishika ukuta, na nilipotoka nikasema ile baraka tunayoisema kila tukitoka msalani: umemuumba mtu kwa hekima, ukatia ndani yake matundu matundu na mashimo mashimo, na kama moja lingefunguka au moja lingeziba, asingeweza kusimama mbele zako. Nilikuwa nimeisema miaka mingi kama mtu anayesoma bango la barabarani. Siku ile nilipiga magoti korido ya wodi, nesi akadhani nimeanguka. Majirani zako Waislamu nao wana dua yao ya kutoka chooni, waulize. Sikwambii uisemee kila nepi, kwani baraka ile ni ya aliyejisaidia mwenyewe. Ila ujue kwamba wazee wetu hawakuogopa kumtaja Mungu hapo, na waliyataja matundu kwa jina.

Kuhusu kilima. Si dhambi kutamani, na si dhambi kwenda. Lakini nikupe kwanza kisa cha Rabi Shimon bar Yochai. Aliwasema vibaya Warumi, masoko yao, madaraja yao na hamamu zao, wakamhukumu kifo, akajificha pangoni na mwanawe miaka kumi na miwili. Mti wa mkarobu uliwaotea mlangoni na chemchemi ikatoka. Nguo walizivua zisichakae, wakakaa wamejifukia mchangani mpaka shingoni, wakisoma Torati kutwa. Walizivaa wakati wa sala tu, kisha wakazivua tena. Hapo ndipo mahali unapopatamani wewe, mwanangu: hakuna sufuria, hakuna "mama". Siku walipotoka walimwona mtu analima na kupanda. Wakachukizwa: watu hawa wanaacha uzima wa milele wanashughulika na wa kupita! Na kila walipotupa macho palishika moto. Sauti ikatoka mbinguni: mmetoka kuuharibu ulimwengu wangu? Rudini pangoni. Wakarudishwa miezi kumi na miwili, kama wafungwa.

Walipotoka mara ya pili ilikuwa Ijumaa, jua linakwenda kuzama. Wakamwona mzee anakimbia na mafungu mawili ya mihadasi, kama mtu wa Mombasa angekimbia na vikuba viwili vya asumini. Za nini hizo? Kwa heshima ya Shabati. Si fungu moja lingetosha? Akasema, moja kwa neno "kumbuka", moja kwa neno "ushike", kwa sababu Amri Kumi zimeandikwa mara mbili, na amri ya Shabati huanza kwa neno tofauti kila mara. Roho zao zikatulia. Miaka yote ile ya mchanga shingoni, na aliyewaponya ni mzee asiye na jina anayehema, mikono imejaa majani.

Nenda kwenu. Panda basi la Malaba, ukae wiki, watoto mwachie baba yao, ulale mpaka jua likuchome. Ila nunua na tiketi ya kurudi, maana ukikaa mwezi mzima unaweza kurudi na macho yanayochoma sufuria.

Na ukifika, kaa na bibi aliyekupa kile kitambaa, kama yu hai, au na wa rika lake. Kumbuka, Semei Kakungulu alipoanza jamaa yenu mwaka 1919 hakukuwa na sinagogi wala rabi, na lile kubwa mnalojivunia sasa lilifunguliwa mwaka 2016 tu. Katikati kulikuwa na Idi Amin, aliyetwaa nchi mwaka 1971 na kupiga marufuku dini yenu. Wazazi wa wazazi wako walisali kwa kujificha, sauti chini, milango imefungwa. Muulize bibi Zaburi ziliimbwaje wakati huo, na nani alikuwa jikoni. Kisha muulize jioni ya tarehe 11 Aprili 1979. Siku hiyo Kampala ilianguka mikononi mwa Watanzania na wenzao wa Uganda, na jua lilipozama ikaingia Pasaka yetu, usiku wa kutoka Misri. Mimi ningetoa nauli kusikia hilo kwa kinywa cha mtu aliyekuwa na sufuria motoni usiku ule.

Ukirudi, jambo moja la saa. Dada zetu wa London huwasha mishumaa saa tisa na nusu alasiri mwezi wa Desemba, na Juni karibu saa tatu usiku. Maisha yao ni ya kukimbizana na kalenda. Wewe umepewa ikweta. Nairobi jua halina vituko: dakika kumi na nane kabla halijazama huangukia kati ya saa kumi na mbili na chache na saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, ukishika ratiba ya wiki mkononi. Basi Ijumaa funga biashara saa saba. Saa kumi na moja baba aondoke na watoto wote wawili nje ya ploti, wakatazame magari, wakanunue mahindi, wasirudi mpaka saa kumi na mbili kamili. Nusu saa ya kwanza ya muda huo usifanye lolote. Usifagie. Sufuria nimekwisha kulipa haki yake huko juu.

Mishumaa yako ilihesabika. Baraka isiposemwa haiivunji amri. Mkono wako uliwasha, nia yako ilikuwapo, nyumba ilipata nuru ya Shabati, na mtoto mgonjwa alifutwa na mama yake kwenye nuru hiyo hiyo. Iko desturi kwamba mwanamke aliyesahau kabisa kuwasha huongeza mshumaa mmoja maisha yake yote. Wewe hukusahau. Usiongeze, mishumaa ni ghali.

Doa la maziwa halipendi maji moto, huligandisha. Maji baridi, sabuni ya mche, sugua kwa vidole si kwa brashi, uanike juani likiwa bado na povu, kisha suuza. Fanya hivyo mara mbili. Likikataa, Ijumaa ijayo weka sahani ya mkate hapo juu yake.